Nyatiti Hapandi na Mizigo

Karani aliyetumwa kutuchukua alianza vibaya. Alimnyooshea kidole nyatiti wa babu yangu akasema, "Hicho kitu kitakaa kule nyuma na mizigo."

Kwetu hakuna anayemwita nyatiti "hicho". Ni kweli ni ala ya muziki, mbao, nyuzi nane na ngozi ya ng'ombe iliyowambwa, lakini lile "nya" la mwanzo kwa Dholuo ni binti, na babu alilishika neno hilo kama lilivyo. Mvua ikinyesha, nyatiti alilazwa karibu na meko ngozi isilegee, na nyanya alishazoea kusogezwa.

Hii ilikuwa Macalder, kwenye kiwanja cha nyasi cha ndege, miaka michache baada ya uhuru. Babu alikuwa ameitwa Nairobi akapige mbele ya wageni wa serikali. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikachukuliwa niwe mkalimani wake. Alinichagua kwa sababu nilikuwa na mdomo, na mdomo huo bado ninao.

Safari ile aliitaka mno. Kifua kilikuwa kimeanza kumbana, wimbo mrefu ukimkata pumzi katikati, na alisema wazi kwamba anataka Nairobi wamsikie kabla hajanyamaza. Lakini nyatiti wake wa kwanza alifia juu ya basi la kutoka Homa Bay. Utingo aliapa kumwangalia, kisha akamrundikia magunia ya omena na kitanda cha chuma. Tulipofika Migori shingo imevunjika na ngozi imepasuka. Babu hakuimba msimu mzima, na watu walikuja nyumbani kutupa pole.

Kwa hiyo nilipomtafsiria maneno ya karani, babu aliketi chini kwenye nyasi. "Mwambie ndege iende," alisema.

"Mwambie mzee sheria ni sheria," karani akajibu.

"Mwambie wewe," nikasema. "Dholuo nitakufundisha."

Rubani, Mzungu mmoja mwenye haraka, alikuwa akitazama mawingu upande wa ziwa. Alisema mtu anaweza kumpakata, ila si mzee, kwa sababu mzee angekaa mbele karibu na usukani na ile shingo ndefu ingeugonga. Karani akapangusa suti yake, akasema yeye hapakati ngozi ya ng'ombe. Yakabaki magoti yangu.

Babu akatazama kando. "Mwanamke hampakati nyatiti, nyakwara, mjukuu wangu. Unajua."

Nilijua sana. Nikiwa mdogo nilifukuzwa kwa fimbo kwa kumpangusa vumbi tu. Lakini asubuhi ile hasira ilinipanda hadi masikioni. Mzee wangu aachwe kwenye nyasi, sauti yake iishie hapo, kwa sababu nimevaa gauni?

"Kwara, huyu ni nani wako?" nikamuuliza babu.

"Ni binti yangu."

"Na mimi ni mtoto wa mwanao. Basi huyu ni waya wangu. Lini umesikia msichana akikatazwa kumshika waya wake safarini?"

Karani, aliyeokota neno moja tu, akaruka nyuma. "Waya? Kuna waya ndani? Hiyo ni redio? Itatuangusha."

"Waya ni shangazi, bwana," nikamwambia. "Na huyu ni shangazi yangu, kwa hiyo punguza sauti."

Nilipomtafsiria, babu akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Alipotulia aliinuka mwenyewe, akaniwekea nyatiti magotini, akanionyesha pa kushika. "Usimbane tumbo," alisema. "Waya wako hapendi kubanwa."

Ndege ilipoondoka ardhini injini ilizitetemesha zile nyuzi nane zote. Zililia taratibu kifuani mwangu njia nzima, nami nilikaa wima kwa kiburi ambacho sikukificha. Tulipotua, karani alisimama mlangoni akasema, "Mshike vizuri, asigonge hapa." Sikumkumbusha alichosema asubuhi, ingawa ulimi uliniwasha. Jioni hiyo babu alipiga, na pumzi ilimtosha wimbo mzima.

Tuliporudi, wazee walikuwa wamekusanyika pale kiwanjani kutungoja. Majirani waliotusindikiza siku ya kuondoka waliona kilichofanyika, na habari ilikuwa imeenea vijiji vyote hadi Sindo. Mkubwa wao, ndugu wa babu, hakutusalimu. "Amepakatwa na mwanamke," alisema. "Sauti yake imekwisha."

Babu aliagiza kigoda. Alivaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akafunga njuga, akapiga palepale nyasini, pete ikigonga mbao, mpaka vichwa vya wazee wale wale vikaanza kuitikia. Hakuna aliyesema tena habari ya sauti.

Kisha akaondoa mkono kwenye nyuzi, akiwa anahema, akanitafuta kwa macho. Ndugu yake alinyoosha mikono ampokee nyatiti. Babu akampita.

"Nyakwara," alisema, "mchukue waya wako twende nyumbani."

Desturi ilitaka nifuate nyuma ya wanaume. Nilimkumbatia waya wangu, nikatangulia mbele.