Mdogo Wangu Niliyemkosha kwa Mdomo

Nimekosha maiti za wanawake miaka mingi, kwanza Unguja, halafu hapa London. Skuli niliishia darasa la tatu, lakini ndani ya chumba cha kukoshea hata wenye digrii huniuliza mimi wasimame wapi. Najua maji yawe vuguvugu kiasi gani, najua tumbo hukamuliwa vipi, taratibu, maana maiti naye anaumia. Kucha sifugi. Najisifu, na haki ya kujisifu ninayo.

Mdogo wangu, tumbo moja, alikuwa akikaa Thornton Heath, vituo vitatu vya basi kutoka kwangu. Tulikubaliana zamani kwamba atakayetangulia, aliyebaki atamkosha. Tulikuwa tukilifanyia mzaha. Yeye akisema, "Dada, mikono yako baridi kama samaki. Siku hiyo uipashe moto kwanza, nisije nikaamka nikakutukana."

Akafa mwaka ule wa korona, hospitali, peke yake. Wakamtia kwenye mfuko wa plastiki wakaufunga. Wanaume wa kamati ya msikiti wetu wakanipigia simu, kila mmoja kajifungia kwake. "Bibi, huyu hakoshwi. Atatayamamishwa kwa vumbi juu ya mfuko, bila ya maji, inatosha. Na wewe umeshapita sabini, usitoke." Nikasema sawa. Mimi, niliyewahi kumfukuza shekhe mlangoni kwa kuchungulia, nikasema sawa. Baadaye nilisikia kuna msikiti mwengine ng'ambo ya mto, wanawake walivaa manguo ya plastiki wakakosha maiti zao. Kumbe njia ilikuwepo. Sikuuliza, kwa sababu niliogopa kufa.

Binti yake yuko Wete, kule kwetu visiwani. Ndege zimesimama, hawezi kuja. Akanipigia analia. "Mama mkubwa, umemkosha wewe?"

"Nimemkosha mimi, mwanangu."

"Uso wake ulikuwaje?"

"Kama kalala. Umetakata."

Uso sikuuona. Nilichoona ni video kwenye simu, sanduku linashushwa na watu wanne waliovaa kama wapiga dawa ya mbu. Tangu siku hiyo sijakosha tena. Nikiitwa nasema magoti yanauma.

Sasa nina mjukuu, mtoto wa binti yangu, anasoma historia chuo kikuu, na kichwa kama chake sijakiona katika ukoo wetu wala ukoo wa baba yake. Anasoma tauni ile kubwa iliyowafagia Waingereza enzi za kale. Kiswahili anakifahamu chote ila kujibu hujibu kwa Kiingereza, nami humrudisha, "Sema kama watu." Siku moja alinichukua kwa treni mpaka karibu na ile ngome ya wafalme ukingoni mwa mto. Akanionesha maofisi ya vioo, akasema chini yake palikuwa na makaburi ya waliokufa kwa tauni, mamia kwa mamia.

"Wakitupwa tu shimoni?" nikamuuliza.

"Hapana, bibi. Wengi walilazwa kwa safu, wamenyooshwa. Kichwa magharibi, miguu mashariki. Ndiyo dini yao."

Nikasimama pale, watu wenye vikombe vya kahawa wananipita. Mji mzima unakufa, na bado yuko mtu aliyeinama akamnyoosha maiti asiyemjua. Alikuwa na pua kama mimi, uvundo aliusikia. Labda na watoto alikuwa nao. Akainama.

Tukakaa kwenye benchi, tukala sambusa nilizozifunga kwenye karatasi. Akanihadithia kwamba makasisi nao walikufa wengi, na baadhi ya waliobaki hawakutaka kuwaendea wagonjwa. Na kwa watu wale, kufa bila ya kuungama dhambi kwa kasisi ilikuwa ni hatari ya moto. Basi askofu mmoja, maji yalipomfika shingoni, akatuma barua kwamba kasisi akikosekana, mtu na amwungamie yeyote aliye karibu, hata mwanamke.

"Hata mwanamke," nikasema.

"Ndivyo alivyoandika, bibi."

"Yaani mpaka wafe wenye majoho ndiyo sisi tuote masikio. Na yeye askofu alikuwa wapi?"

Akacheka. "Kwenye nyumba yake ya shamba."

"Nilijua. Hao hawabadiliki. Amri inatoka kule, kufa mnafia huku."

Nikacheka na mimi, halafu sambusa nikairudisha kwenye karatasi. Kamati ilinikataza kutoka, sawa. Uongo hawakuniambia niuseme.

"Bibi, una nini?"

Nikamweleza yote. Sisi hatumwungamii shekhe. Dhambi ya Mungu unamwambia Mungu, lakini haki ya mja mwenzio unamwendea mwenyewe. Mtoto akanishika mkono, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Basi mimi siye wa kuambiwa."

Asubuhi yake, baada ya chai, nikapiga Wete. Sikuzunguka. "Mama yako sikumkosha. Hakuna aliyemkosha. Uso wake sikuuona. Nilikudanganya."

Nikasikia kuku wake, na mtu anatwanga uani.

"Watoto wangu nimewaambia bibi yao alikuwa kama kalala," akasema. "Kila Idi huniuliza, nami nawahadithia. Kumbe nahadithia maneno yako."

"Nisamehe, mwanangu."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Nilikuwa mzima. Niliogopa."

"Mimi ningepata ndege ningekuja nimkoshe, na kama kufa nife."

Namjua, angekuja.

"Siwezi kukusamehe leo," akasema. "Usinilazimishe."

"Sikulazimishi."

"Na usinipigie. Nitapiga mimi."

Ramadhani imepita, Idi imepita, hajapiga. Mjukuu wangu ananiambia tumwandikie, yeye atashika kalamu. Nimekataa. Nilishawatii watu wasiostahiki kutiiwa, sasa acha nimtii huyu wa Wete. Habari zake naziokota kwa wengine. Nasikia mtoto wake wa mwisho ameng'oka meno mawili ya mbele, akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Mwenyewe hajaniambia.