Miaka Tano Nilizomkatia Masese

Siku walikuja kuvunja mguu ya mjukuu wangu, mimi ndio niliwafungulia geti.

Tena nikawasalimia. Nikaita bibi yangu Bonareri aweke chai.

Ngojeni, nianze vizuri.

Huyo mjukuu, Masese, alikuwa anacheza mpira, mbele, timu ya hapa kwetu Litein. Shuti yake hata ng'ombe za jirani zinaijua. Kuna timu ya Nairobi ilikuwa inamtaka.

Shida ni mdomo yangu. Nikiwa kwa foleni ya kupima majani chai, nikajigamba, "Masese hasaini tena! Kontrakti imebaki miezi tano, iishe aende bure!"

Mageto, chairman wa timu, alikuwa hapo nyuma yangu.

Jumapili, watu wakitoka kanisa, akaja. Na mkate, na sukari, na vijana watatu.

"Mzee Nyamwange, tumekuja kuona mchezaji wetu."

Nikafungua.

Hawakukaa. Masese alitoka kusalimia, mmoja akampiga rungu ya mgongo, akaangukia majani chai. Mwingine akamkanyaga shingo, damu ikatoka mdomo. Wa tatu, anaitwa Johana, akashika mguu ya kulia akaiweka juu ya jiwe.

Mageto akatoa karatasi. "Saini miaka tatu."

"Sisaini."

"Kijana, sikiza. Uko miaka ishirini na moja. Na kontrakti ndefu, Nairobi wananipea milioni mbili. Na hii miezi tano, wanangoja tu iishe. Mimi nibaki na nini, jezi? Saini, ama uende huko na magongo."

Nikashika kisu ya kupogoa chai. Nikakata yule wa rungu mkono. Alilia kama mbuzi!

Yule wa shingo akanirukia. Ngumi moja, meno mbili zikaenda. Bonareri akatoka jikoni na sufuria, akammwagia chai yote ya moto mgongoni. Wakakimbilia barabara wawili hao.

Lakini Mageto alikuwa ameokota rungu. Akaiinua juu ya ile mguu.

Hapo ndio nilisema kitu sijawahi ambia mtu.

"Wacha! Huyo ako miaka ishirini na sita! Nilimkatia tano nikitafuta cheti ya kuzaliwa, ndio acheze na wadogo shuleni!"

"Uongo ya wazee."

Nikageukia Johana. "Wewe mlitahiriwa na yeye siku moja. Mkalala nyumba moja, mkala sahani moja mpaka mkapona. Sema!"

Kwetu Wakisii, mtu wa hiyo nyumba ya tohara humwagi damu yake. Johana akaachilia mguu.

"Ni kweli, chairman. Ni rika yangu. Mimi niko ishirini na sita."

Mageto akacheka, lakini kicheko si ya furaha.

"Ishirini na sita, cheti ya uongo, miezi tano? Huyu hata kuvunja ni kujichosha."

Akatupa rungu. Akachukua mkate yake na sukari, akaenda.

Kufika Jumatano, hiyo siri ya umri imefika Nairobi, hawashiki simu zetu.

Mguu iko nzima. Siku hizi inapanda hii milima na kikapu ya majani.

Jana nikamwambia, "Mjukuu, si afadhali mguu iko?"

Hakuniangalia. Akaendelea kuchuna.

"Babu, ungewaacha wavunje. Mguu hupona."

Wazazi, mkienda kutafuta cheti, andikeni ile siku mtoto alizaliwa. Mimi nilikata tano, na ni Masese anazirudisha.