Simu Arobaini na Moja

Siku mwanangu aliponiita "dada" nilitoka nje, nikaenda nyuma ya choo cha mama yangu kule Kisarawe, nikaupiga teke ukuta wa matofali mpaka kidole gumba kikavimba. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi kumi. Hakukosea. Wadogo zangu pale nyumbani wananiita dada, mama yangu anamwita yeye "mwanangu", na mimi nilikuwa mgeni wa Jumamosi, anakuja na biskuti, anaondoka Jumapili kabla jua halijazama. Ulitaka aniite nani?

"Usimkasirikie," mama aliniambia niliporudi ndani nachechemea. "Mtoto anamwita mama yule anayemwogesha."

Mama hajui kufunika maneno. Nimerithi kwake.

Wakati huo nilikuwa natengeneza programu za simu kwenye kampuni moja ya Dar. Chumba changu kiko Kibaha, mtaa wa Picha ya Ndege. Nilikuwa natoka kabla hakujapambazuka na kurudi watoto wa watu wote wamelala. Dada wa kazi wa kwanza aliondoka bila kuaga. Wa pili nilimkuta kamfungia mtoto ndani, yeye yuko kwa jirani anasukwa. Hapo nikamfunga mwanangu mgongoni nikampeleka kwa bibi yake. "Kwa muda," nilisema. Muda ukawa miezi saba. Baba yake tumwache huko huko aliko.

Kisha nikaona tangazo. Kampuni ndogo yenye ofisi Mkuza, hapo hapo Kibaha, inatafuta mhandisi mwandamizi wa programu za simu. Siku mbili ofisini, siku tatu nyumbani. Tangazo lilikuwa refu lakini mimi nilirudia mstari ule mmoja tu. Siku tatu nyumbani! Na ofisi yenyewe nafika kabla chai haijapoa. Nilimwona mwanangu amekaa kwenye sakafu yangu mimi, anatafuna rimoti.

Nimesoma mpaka kidato cha nne. Nasema mapema kwa sababu wao walilisema mapema pia. Programu nilijifunza mwenyewe, kwanza kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, halafu kwenye laptopu ya mtumba iliyokuwa inazima ukiifunika vibaya. Miaka minane nimekula na kuvaa kwa kazi hiyo. Hatua ya kwanza ya usaili, ya kwenye simu, nilipita. Ya pili walinipa kazi ya kufanya nyumbani, nikapita. Ya tatu wakaniita Mkuza, mbele ya jopo. Kule Dar nikaomba ruhusa ya siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, nikadanganya kwamba naumwa tumbo.

Walikuwa watatu nyuma ya meza. Katikati kiongozi wa wahandisi, mwanamume wa makamo mwenye shati lililopigwa pasi mpaka linang'aa. Kulia kwake kijana mwenye miwani, mhandisi pia. Kushoto dada wa utumishi, ana kalamu na fomu.

"Shahada umechukulia wapi?" kiongozi aliuliza, na fomu yangu iko mbele yake.

"Sina. Imeandikwa hapo."

"Hii ni nafasi ya mwandamizi, dada yangu."

"Najua. Na kazi ya nyumbani mlinipa ya mwandamizi, mkaipenda, mkaniita."

Kijana wa miwani akainamia laptopu yake. Dada wa utumishi akaona aokoe jahazi, akalitoboa. "Naona una mtoto mdogo. Ukiwa kazini nani anabaki naye?"

"Wanaume wote mliowasaili mmewauliza hilo?"

"Ni swali la kawaida tu."

"Basi jibu la kawaida ni kwamba yuko kwa bibi yake. Na baba yake mkikutana naye msalimieni."

Hapo nilijua nimeshaanza kuharibu. Nilijiambia nyamaza. Fikiria sakafu. Fikiria rimoti. Nikakunja mikono mapajani kama mtoto wa shule.

Kiongozi akawasha televisheni kubwa ya ukutani, ikatokea ramani ya sehemu ya Kisarawe. Alieleza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Walikuwa na programu ya wakulima. Mkulima anasimama kwenye muhogo wake wenye ugonjwa, anapiga picha ya jani, anabonyeza, programu inarekodi mahali, na bwana shamba anajua aende wapi. Kila ripoti ni nukta nyekundu kwenye ramani. Nilitegemea nukta zilizotawanyika kama ukurutu. Badala yake zilikuwa zimerundikana sehemu tatu nne, zimepandana kama siafu kwenye mfupa.

"Tazama hapa," alisema. "Watu zaidi ya thelathini, wote shamba lao liko sehemu moja! Bwana shamba amefika. Amekuta njia panda na vibanda, hakuna hata mche wa muhogo. Wanakaa kijiweni wanajaza uongo. Kazi yako ni kutuandikia utaratibu wa kuwatambua hawa na kuwafungia nje. Una saa moja."

Kumbe ndiyo usaili wenyewe. Na nilikuwa najua kuuandika. Unapima umbali kati ya ripoti na ripoti, unaweka kikomo, wanaokaribiana kupita hapo unawafungia. Mchezo wa nusu saa. Ningeandika, ningekabidhi, ningesema asanteni, pengine kazi ningepata. Vidole vilishafika kwenye kibodi.

Lakini ile njia panda niliijua. Barabara inapinda kama kiwiko halafu inagawanyika. Napita pale kila Jumamosi nikienda kwa mama.

"Naomba kuuliza," nilisema. "Hizi ripoti zinaingia saa ngapi?"

Kijana wa miwani akatafuta. "Nyingi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri."

"Na siku za mvua?"

Akatafuta tena, muda mrefu zaidi. "Siku za mvua... haziingii. Siku zenye mawingu mazito zinaingia mbili, tatu."

"Uongo gani huo unaoogopa mawingu?"

Nikasimama, nikasahau sakafu, nikasahau rimoti. Nikawaambia pale njia panda kuna baba ana kibanda cha kuchajia simu kwa sola. Nyumba nyingi za huko ndani hazijavutiwa umeme. Asubuhi watu wanamwachia simu, wanaenda shamba, jioni wanazifuata. Pale ni mwinuko, mtandao unashika, kule mabondeni kwenye mihogo haushiki. Jua likiwaka, simu zinajaa, anaziwasha moja moja aone kama zimepona.

"Mkulima ripoti yake ameijaza jana akiwa shambani," nilisema. "Imekaa kwenye simu inasubiri mtandao. Mtandao inaukuta kibandani. Sasa nionyesheni programu yenu inachukua mahali saa ngapi, anapobonyeza au inapotuma?"

Kijana wa miwani alimtazama kiongozi kwanza, kama anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Kisha akafungua. Sikuchukua hata dakika mbili. Mstari ulikuwa pale pale nilipoudhania, ndani ya sehemu ya kutuma. Programu ilikuwa inauliza "niko wapi?" wakati iko juu ya meza ya mtu mwingine.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye busara. Lakini nilimfikiria jirani yetu, mama wa watu, anapanda na kushuka bonde na jembe begani, halafu mtu kwenye kiyoyozi anamwita mwongo na anataka mimi nimfungie mlango.

"Aliyeandika hapa," nilisema, "hajawahi hata siku moja kuomba chaji kwa jirani. Na badala ya kwenda kuuliza, anawaita watu waongo. Aibu kubwa."

Dada wa utumishi aliacha kuandika.

"Niliandika mimi," alisema kiongozi.

Nilikaa. Kiongozi akazima televisheni, akasema asante, watanipigia wiki ijayo. Wote tunajua maana ya wiki ijayo.

Nilirudi Picha ya Ndege kwa miguu, juani, nikijitukana njia nzima. Watu walipishana nami wakidhani nasali. Nyumbani umeme ulikuwa umekatika, na usiku haukurudi. Kesho yake alfajiri nikaenda Kisarawe na simu isiyo na chaji hata ya kuangalia saa.

Nilimsimulia mama tukiwa tunamenya mihogo uani. Mwanangu alikuwa amekaa juu ya mguu wa bibi yake, siyo wangu.

"Mtu mzima, mbele ya watu wake, ukamwambia aibu?" mama aliuliza.

"Sikujua ni yeye."

"Ungejua ungesema?"

Nilifikiri. "Ningesema."

"Basi menya mihogo." Akakata mzizi kwa hasira. "Shule tumekupeleka, mdomo hatukukupeleka popote."

Asubuhi ile mdogo wangu wa kike alikuwa anapeleka simu ya mama kibandani, nikampa na yangu. Sikufikiria chochote. Mtu gani anakumbuka kuwaza simu wakati kazi ameshaipoteza?

Saa nane hivi tukasikia hodi. Alikuwa yule baba wa kibanda mwenyewe, jasho linamtoka, simu yangu kaishika kwa vidole viwili kama kinda la ndege. Hajawahi kumletea mtu simu nyumbani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Binti, simu yako inapiga kelele tangu saa sita. Mara ya nne nikaona nipokee, pengine kuna msiba."

"Nani alikuwa anapiga?"

"Anasema bosi. Nikamwambia bosi gani tena, wa kwake yuko Dar, anamlalamikia hapa kila wiki. Akasema yeye ni wa Kibaha."

"Mungu wangu! Baba, ukamwambia nini?"

"Nikamwambia mwenye simu hayupo. Akauliza yuko wapi. Nikasema mimi nitajuaje, simu yake iko mezani kwangu, yeye atakuwa kwa mama yake, anamenya mihogo." Akamtazama mama na beseni la mihogo, akatikisa kichwa, ameridhika kwamba hakudanganya. "Halafu akaniuliza, 'Baba, hapo mezani ziko simu ngapi?' Nikamwambia subiri. Nikazihesabu."

"Ukazihesabu?"

"Kaniuliza kwa heshima, nifanyeje? Arobaini na moja, pamoja na yako. Akaanza kucheka. Alicheka yule mtu! Akasema, 'Mwambie binti nimezikuta zote.' Sasa mimi sijui zimepotea lini."

Nilimshika mkono yule baba kwa mikono yangu miwili, iliyojaa utomvu wa mihogo. Kisha nikakimbia naye kurudi mwinukoni, kwa sababu kwa mama mtandao haushiki, nikampigia kiongozi nikiwa nahema kama mbwa.

"Dada yangu," alisema, "nilikosa usingizi. Wiki ijayo tungewafungia nje watu wote wa pale."

"Ndiyo."

"Wenzako watano walituandikia utaratibu wa kuwafungia. Mzuri sana. Hakuna aliyeuliza habari za mawingu." Akakohoa. "Lakini ule mdomo..."

"Mama yangu ameshanisema."

"Basi mimi siongezi. Jumatatu njoo usaini mkataba."

Nilikaa chini pale pale, kwenye vumbi, kati ya kibanda na njia panda. Sikulia. Nilivuta pumzi mpaka mbavu zikauma. Baba wa kibanda akaniletea kigoda. "Kaa hapa, binti. Au ni msiba kweli?"

Kazi yangu ya kwanza Mkuza ilikuwa kuuhamisha ule mstari. Mahali sasa panachukuliwa mkulima anapobonyeza. Nukta zikatawanyika kwenye ramani, bondeni, mlimani, kila mtu kwake. Kiongozi alisimama nyuma ya kiti changu akizitazama, akaondoka, na kesho yake akaja na boksi la sambusa.

Nilimleta mwanangu Picha ya Ndege, akamlilia bibi yake siku nne. Wiki tatu nzima aliendelea kuniita dada, hapo hapo kwenye sakafu yangu, huku anatafuna rimoti yangu, na mimi ndiye ninayemwogesha asubuhi na jioni. Nilimeza. Sikuupiga teke ukuta, wa huku ni wa kupanga.

Kisha siku moja nilikuwa kwenye kikao kwa laptopu, kiongozi, kijana wa miwani na wengine wote kwenye kioo, naeleza jambo zito na maikrofoni iko wazi. Nyuma yangu sauti ikapasuka, ya amri, ya mtu asiyerudia mara mbili:

"Mama! Mavi!"

Kijana wa miwani akaziba mdomo. Kiongozi akasema, "Nenda, nenda, tutakusubiri."

Nikaenda. Nilikwenda mbio, na nilichelewa kurudi kwenye kile kikao. Sikuomba radhi.