Jina Nililokataa Kulitamka

Simu iliyoniingiza kwenye sheria za Marekani ilinikuta nimelala ubavu mmoja kitandani, Mitwero, pembeni ya mji wa Lindi. Msimu wa korosho uliotangulia nilikuwa nimeteleza shambani kwangu Kikole na kuvunjika nyonga. Binti yangu akanichukua nikakae kwake mpaka mfupa uunge.

"Shikamoo, Mwalimu," ilisema sauti ya mwanamume, Kiswahili safi cha pwani ya Tanga.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Alisema yeye ni mkalimani, anaishi Marekani, na pembeni yake yupo mama mmoja wakili. Wakili huyo alikuwa anamtetea mtu aliyeshitakiwa na serikali kuu ya nchi ile. Alipolitaja jina la mshitakiwa nikajinyanyua kwa viwiko, nyonga nikaisahau. Nilimfundisha kijana yule pale Kikole tangu darasa la tatu hadi alipomaliza la saba. Nyumba yangu na ya wazazi wake zilitenganishwa na mikorosho ya baba yake. Nilikuwa najua kwamba ameoa huko, anaendesha malori makubwa, ana watoto, na amepata uraia. La mashitaka sikulijua.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Alipoomba uraia, fomu ilimwuliza kama amewahi kutumia jina jingine lolote. Akajibu hapana. Miaka ikapita. Mdogo wake naye akaomba kumfuata, na kwenye maelezo yake akaliandika jina la kaka yake la utotoni, kama lilivyo kwenye karatasi za zamani za nyumbani. Maofisa wakakaa na majina mawili, wakadhani ni watu wawili, na kwamba mwanafunzi wangu alikuwa amevaa jina la mtu mwingine. Baadaye walikubali kuwa mtu ni mmoja, lakini hawakuliacha shauri: walisema basi alidanganya kwa makusudi ili apate uraia. Akipatikana na hatia, atafungwa, na uraia utafutwa.

Nilicheka kwa hasira. Mtu yeyote wa upande wetu angewaeleza kwa dakika moja. Mtoto wa kiume kwetu hupewa jina akizaliwa, na akienda jandoni huliacha hukohuko. Siku wanayotoka, wamenyolewa na kuvaa nguo mpya, kila mmoja hutangazwa kwa jina lake jipya mbele ya watu, ngoma zinalia. Lile la zamani limekwisha. Ukimwita nalo umemtukana, umemwambia bado ni mtoto, na wazee wanaweza kukutoza kuku. Nilipokuwa nafundisha, likizo ikiisha nilikuwa naandika upya majina ya nusu ya wavulana wa darasa langu, na wiki ya kwanza sikosi kuamulia ngumi kwa sababu fulani kamwita mwenzake kwa jina la zamani.

"Hayo ndiyo tunataka uyaseme," mkalimani akatafsiri maneno ya wakili.

"Kwa nini asiyaseme mwenyewe?"

"Anaweza akitaka. Lakini Katiba yetu, katika Marekebisho yake ya Tano, inasema mtu halazimishwi kuwa shahidi dhidi ya nafsi yake. Akinyamaza, hakuna anayeruhusiwa kuuhesabu ukimya wake kuwa ni kukiri. Kazi ya kuthibitisha ni ya serikali."

Nilimwambia kwamba darasani kwangu mtoto akinyamaza ilikuwa tayari amekiri. Nilimsikia wakili akicheka kabla mkalimani hajamaliza. Nikampenda. Nikamwuliza nani anamlipa, maana dereva wa lori hana uwezo wa kumtafuta shahidi mpaka Mitwero. Akasema analipwa na serikali.

"Serikali ipi?"

"Hiyohiyo inayomshitaki. Asiye na uwezo lazima apewe wakili. Ni haki yake, Marekebisho ya Sita."

"Na ukiishinda?"

"Mwezi ukiisha watanilipa kama kawaida."

Kusafiri sikuweza, daktari alikuwa amenikataza hata kwenda Kikole. Wakili akamwomba jaji ruhusa ya kuchukua ushahidi wangu hukuhuku na kuurekodi kwa picha. Mwendesha mashitaka alipinga. Alisema shahidi anatakiwa kukaa mbele ya raia kumi na wawili wa kawaida, ambao kwao ndio huamua kesi, wamwone anavyojibu. Jaji akasema kawaida ndivyo, lakini mfupa uliovunjika ni sababu ya kutosha. Akaruhusu, kwa sharti kwamba pande zote mbili ziwepo na mshitakiwa aone na kusikia kila kitu. Nilimwuliza wakili nijibu vipi siku hiyo. Akasema hilo hawezi kuniambia. Nijibu ninachokijua, nisichokijua niseme sikijui.

Walikuja. Tulikutana Lindi mjini, kwenye ukumbi mdogo wa nyumba ya wageni ambako kawaida hufanyika semina za wakulima. Binti yangu alinipeleka kwa bajaji, mto umewekwa chini ya nyonga. Ilikuwa alasiri kwetu, kule Marekani alikokuwa mshitakiwa ni asubuhi. Mezani kulikuwa na kamera, kompyuta, na upande wa pili skrini kubwa. Wakili wa utetezi alikuwa mama mfupi wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Mwendesha mashitaka alikuwa kijana mrefu aliyeungua jua puani. Mkalimani alinibusu mkono kama mjukuu. Alikuwepo pia ofisa wa ubalozi wao, aliyekuja kuniapisha.

Kwenye skrini nikamwona mwanafunzi wangu. Mvi zilikuwa zimemwingia kwenye ndevu. Alinyanyua mkono kidogo, akaushusha. Nilikuwa nimeshaambiwa tusizungumze.

Ofisa akaniuliza kama nitaapa au nitathibitisha tu kwa heshima yangu. Yote mawili yanakubalika, maana kwao serikali haimpangii mtu dini. Nikamwambia nina udhu na Musahafu wangu uko kwenye mkoba. Nikaapa kwa Mwenyezi Mungu kusema kweli, kweli yote.

Wakili wa utetezi alianza. Nilieleza mimi ni nani, nimefundisha wapi, nimemfahamu vipi mshitakiwa. Nilipofika kwenye jando, umeme ukakatika. Feni zikanyamaza, skrini ikawa nyeusi.

Mimi niliendelea kusema, kwani sauti yangu haitumii umeme. Wote wawili, wakili na mwendesha mashitaka, wakanyoosha mikono kwa pamoja.

"Mwalimu, subiri," alisema mkalimani. "Hakuna neno litakalosemwa asilolisikia yeye."

"Si atasimuliwa?"

"Hapana. Ni haki yake kuwa uso kwa uso na kila anayetoa ushahidi katika kesi yake."

Tukakaa. Madirisha yakafunguliwa. Mwenye nyumba alileta korosho za kukaanga, na yule kijana mwendesha mashitaka akaniuliza kwa nini kila korosho inaning'inia chini ya tunda lake badala ya kukaa ndani. Nilimweleza habari za mabibo, ndiyo hayo matunda yenyewe, jinsi yanavyoliwa na jinsi yanavyoacha doa lisilotoka kwenye nguo. Alisikiliza vizuri. Nilijisemea, huyu naye ni mwanafunzi mzuri, na saa moja kutoka sasa atajaribu kuniangusha. Jenereta lilipowaka kila mtu alirudi mahali pake, na ule urafiki ukawekwa kando kama vile vyombo vya korosho.

Niliulizwa najuaje kwamba jina lile jipya lilikuwa lake halali.

"Bibi yake aliniambia kwamba ni jina la baba mzazi wa yeye bibi, na kwamba..."

"Napinga," akasema mwendesha mashitaka. Bibi alishafariki, hawezi kuulizwa maswali. Mimi naleta maneno ya mtu asiyekuwepo. Wakili akajibu kwamba mambo ya ukoo, nani alizaliwa na nani na aliitwa nani, yana mlango wake kwenye kanuni zao za ushahidi. Wakabishana kidogo, bila kupandisha sauti. Kisha wakili akaniambia nijibu.

"Lakini amepinga."

"Pingamizi limerekodiwa. Jaji hayupo hapa. Atalisikia baadaye, na akilikubali kipande hicho kitakatwa."

Nikamaliza habari ya bibi. Niliulizwa pia nilichokiona kwa macho yangu, nikaona hapo ndipo nilipo na nguvu. Siku waliyotoka jandoni nilikuwa nimesimama mbele kabisa, na kitenge cha kumfunika kilikuwa changu. Nilisikia jina likitangazwa. Tangu siku ile sikumsikia mtu yeyote, si mama yake, si adui yake, akimwita kwa lile la kwanza.

Zamu ya mwendesha mashitaka ikafika. Aliuliza kwa adabu, maswali mafupi, kila moja limekatwa ili nijibu ndiyo au hapana. Nampenda mwanafunzi wangu? Ndiyo. Ningependa ashinde? Ndiyo. Jina la kwanza alilifahamu? Ndiyo. Aliitikia alipoitwa nalo utotoni? Ndiyo. Basi fomu inapouliza majina mengine, na yeye anajibu hapana, jibu hilo si kweli?

"Kwa kalamu yako si kweli," nilisema. "Yeye aliulizwa jina alilolitumia. Lile hakulitumia yeye. Walilitumia watu wazima kumwita mtoto ambaye hayupo tena."

Akapekua karatasi zake. Nadhani alitaka kuonyesha kwamba jina ni jina tu, neno kama maneno mengine.

"Kwa ajili ya kumbukumbu ya mahakama, Mwalimu, tafadhali litamke hilo jina la kwanza."

Nikafungua mdomo. Nikamtazama mtu kwenye skrini, mtu mzima, baba wa watoto, mvi kidevuni. Neno likakwama. Sikuwa nimepanga. Ningeweza kulisema peke yangu chumbani. Lakini mbele yake, wageni wametuzunguka, kamera imewashwa na mambo haya yataonyeshwa mbele ya watu kumi na wawili asiowajua, halikutoka.

"Siwezi."

"Umelisahau?"

"Sijalisahau."

"Umeapa kusema kweli yote."

"Nimeapa, na kweli ni kwamba nalijua. Lakini simtukani mwanangu mbele ya watu. Hata wewe ukiniomba kwa adabu namna hiyo."

Mkalimani alichelewa kutafsiri. Mwendesha mashitaka akamtazama wakili, wakili akaangalia meza. Hakuna jaji wa kuniamuru. Nikaona nisiwatese. Nikasema nipeni karatasi, nitaliandika, halafu mtu yeyote alisome akitaka, ila asilisome mimi nikiwa hapa. Nikaliandika kwa mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama. Nikaikunja karatasi, nikaisukuma mezani. Ofisa akaibandika namba, ikawa kielelezo. Kwenye skrini mwanafunzi wangu alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika. Wakili wake wa pili, aliyekaa naye kule, alimwekea mkono mgongoni.

Mwendesha mashitaka alisema hana swali lingine. Tulipoachana alinipa mkono kwa mikono miwili, kama alivyoona binti yangu akifanya.

Baada ya hapo ni kusubiri tu, na mimi kusubiri nakuweza. Nilijifunza kutembea tena kwa fimbo, kwanza hadi mlangoni, kisha hadi dukani. Majirani wa Mitwero walikuwa wananiuliza kesi imefikia wapi, nami nawaeleza kwamba wale kumi na wawili ni raia wa kawaida, wameokotwa kwenye orodha ya wapiga kura, na lazima wakubaliane wote. Mmoja akikataa, hakuna hukumu. Jirani mmoja muuza samaki alisema basi hawamalizi, maana hajaona watu kumi na wawili wakikubaliana hata bei ya dagaa.

Walimaliza. Aliyenipigia ni mwanafunzi wangu mwenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wamesemaje?"

"Hana hatia. Wote."

Wakili alinieleza mengine siku chache baadaye. Jaji aliukubali ule ushahidi wa bibi. Aliwaambia wale raia kwamba haitoshi jibu la fomu kuwa si sahihi. Lazima serikali iwaonyeshe, bila kubaki shaka yoyote ya maana, kwamba alijua si sahihi na akalitoa kwa makusudi. Walipokuwa wamejifungia kushauriana waliomba kipande kimoja tu cha picha kirudiwe. Kilikuwa kile ninachosema siwezi. Nilifurahi, na sikujifanya sikufurahi. Nilikuwa nimefanya kazi yangu vizuri na nilijua.

Jambo moja lilinibaki. Nilimwuliza serikali itakata rufaa lini, maana kwetu mtu akiachiwa, upande wa mashitaka unaweza kupanda mahakama ya juu.

"Haikati," alisema. "Raia wakishasema hana hatia, imekwisha. Katiba hairuhusu mtu kushitakiwa mara mbili kwa kosa hilohilo."

Nilimwomba mkalimani arudie, niwe na hakika. Akarudia.

Jumapili mama yake mshitakiwa alikuja Mitwero kutoka Kikole, na kuku wawili na fungu la mihogo. Tukapika, tukala ugenini kwa binti yangu kama wasichana. Habari za mahakama hakuziuliza mpaka tuliponawa mikono. Nilimweleza kwamba ile serikali haiwezi tena kumrudia mwanawe kwa neno hili, hata ikitaka. Akataka kujua ni nani anayeizuia.

"Sheria yao wenyewe," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, akajifunga khanga upya, akaniomba nisimame nimwonyeshe ninavyotembea.