Chozi Ambalo Simu Haikulionyesha

Robert Mogga alikuwa na duka la kukodisha filamu mtaani Hai Jalaba, Juba, kwa miaka kumi na mitatu, na kila deki iliyoingia mle, ya kuuzwa au ya kutengenezwa, aliipima kwa diski moja tu: ya harusi yake. Alijua gauni la Juliet linapaswa kuwa jeupe kiasi gani, na kivuli cha ndani ya kanisa kiwe cheusi kiasi gani. Zaidi ya yote alijua pale padri anapouliza swali lake na Juliet, kabla hajajibu, anatokwa na chozi moja kwenye shavu la kushoto.

"Ukiliona chozi, mashine ni nzima," alikuwa akimwambia mteja. "Usipoliona, irudishe ulikoinunua."

Juliet, aliyekuwa nyuma akipanga majalada, alikuwa akicheka. "Robert, umenifanya chombo cha kupimia."

Walikuwa wamekutana Arua, Uganda, wote watoto wa wakimbizi, wakarudi Juba baada ya amani. Binti yao wa pekee, Joy, alikuwa na miaka mitano walipofunga ndoa kanisani.

Kisha mtandao ukaanza kushika mjini. Griffin, Mkenya aliyefanya kazi katika hoteli moja mtaa wa Amarat na aliyekuwa mteja wake mkubwa, alikuja siku moja kurudisha diski, asichukue nyingine.

"Mzee Robert, siku hizi nabonyeza simu tu, filamu inakuja."

"Na giza je?"

"Giza gani?"

"Filamu ikiingia usiku. Kwenye diski giza ni giza. Kwenye mtandao wako linakuwa viraka viraka, kama ukuta uliopakwa rangi na mlevi."

Griffin alicheka. "Ni kweli, network ikilegea inakuwa hivyo. Lakini sitoki nyumbani, mzee. Na haina mikwaruzo."

"Mkwaruzo nitaufuta kwa kitambaa. Network utaifuta na nini?"

Robert alishinda ubishi ule, na mwingine mwingi wa aina hiyo, huku wateja wakizidi kupungua.

Halafu Juliet akaugua figo. Wakampeleka Kampala, akafia huko wiki ya tatu, wakamrudisha kuzikwa Juba. Jamaa wengi hawakuweza kufika, kwa hiyo Joy, aliyekuwa amekuja kutoka chuoni, aliichukua diski ya harusi, akaiingiza kwenye kompyuta yake na kuipandisha mtandaoni ili walio mbali wamwone mama yake akiwa mzima.

"Sasa haiwezi kupotea tena, Baba," alisema. Robert aliitikia. Wiki ile angeitikia lolote.

Duka hakulifungua tena. Santina, dada yake Juliet, alitoka shambani kwake Gurei, nje ya mji, kuja kumsaidia kuondoa vitu, akauliza kama anaweza kupewa zile diski. Ndege walikuwa wanaumaliza mtama wake, na diski zikining'inizwa shambani zinametameta, ndege wanaogopa.

"Chukua zote, shemeji," Robert alisema. Hakutazama ndani ya maboksi.

Griffin akamtafutia kazi kule hotelini, ya kutengeneza televisheni za vyumbani. Mwaka ukapita hivyo.

Desemba Joy alikuja likizo. Mchana mmoja walikaa barazani, akaifungua harusi kwenye simu. Robert hakuwa ameitazama tangu msiba. Juliet aligeuka kumtazama mtu, na uso wake ukachelewa kumfuata, ukabaki nyuma kama vigae vilivyomomonyoka, kisha ukamfikia. Padri akauliza swali lake. Shavu la Juliet lilikuwa laini, tupu, kama la mwanasesere.

"Mama alikuwa jasiri," Joy alisema. "Hata hakulia."

"Alilia."

"Wapi, Baba?" Alirudisha nyuma, wakatazama. Akarudisha tena.

"Ongeza ubora wa picha," Robert alisema.

"Huu ndio wa mwisho. Network ilikuwa mbaya siku ile, nikaibana sana ili ipande. Na ile kompyuta iliibiwa hosteli." Joy alimtazama. "Lakini diski si ipo?"

Robert alikuwa anayakumbuka maboksi aliyompa Santina.

Asubuhi walipanda boda hadi Gurei. Mtama ulikuwa umeshavunwa, ila diski bado zilining'inia kwenye nyuzi kutoka mti hadi mti, zaidi ya mia tatu. Walipomweleza Santina, aliketi chini palepale kwenye udongo.

"Maalesh, samahani, shemeji. Mimi sikujua."

"Nilikupa mwenyewe. Hukuiba."

Walizikagua moja moja, wote watatu. Kwenye diski ile Robert alikuwa ameandika KIPIMO kwa kalamu nyeusi, na ilikuwa karibu saa sita Joy alipoipata, jua likiwa limezila herufi zote isipokuwa mbili. Upepo ulikuwa umeisugua kwenye mabua mwaka mzima.

Nyumbani Robert aliiosha kwa sabuni na kuipangusa kutoka katikati kwenda ukingoni, alivyowafundisha wateja. Akaiweka kwenye deki pekee aliyobaki nayo. Ikazunguka, ikasita, ikakubali. Juliet akatokea mlangoni mwa kanisa, na weupe wa gauni ulikuwa weupe wenyewe. Shanga za shingoni zingeweza kuhesabika.

Joy alishika mdomo. "Ana kovu kidevuni! Nilikuwa nimelisahau kabisa."

Juliet alitembea hadi karibu na madhabahu. Mguu wake ukainuka, na pale ukabaki. Deki ikakwaruza, ikaitema diski. Walijaribu mara tisa. Kila mara aliishia palepale, mguu juu.

"Basi, Baba, iache," Joy alisema. "Nakuamini. Alilia." Akamgeukia. "Alilia kwa nini?"

Robert alijua sekunde ambayo chozi lile lilitoka, na mahali lilipoangukia kwenye lesi. Alikuwa amewaonyesha watu asiowajua hata majina.

"Sijui," alisema. "Sikumuuliza."

Afadhali Joy angekasirika. Aliinuka taratibu, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Jumapili, baada ya ibada, Robert alimuuliza Santina.

"Mimi nilikuwa benchi ya nyuma kabisa, namshika Joy. Niliona mgongo tu." Santina aliwaza. "Labda alimkumbuka baba yetu, tulimwacha kaburini Arua. Labda ni furaha. Juliet hakuwa mtu wa kusema, shemeji. Mpaka umuulize."

Hakukusudia kumuumiza.

Siku zilizobaki baba na binti walizungumza juu ya mitihani na nauli. Januari Robert alimsindikiza kwenye basi la Kampala, arudi chuoni. Mizigo ilikwishafungwa juu Joy alipomgeukia.

"Baba, mimi nikilia, uniulize."

Machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka.

"Unalia nini, mwanangu?" Robert aliuliza, akasubiri jibu.