Kitambaa Kwenye Koki

Kabla sijasimulia nilichokisikia kwenye yadi za mitambo za mtaa wa Gerezani, niseme kwanza jambo la nyumbani kwangu, maana bila hilo habari hii haina kichwa wala miguu. Mume wangu alikufa na jina baya.

Alikuwa mwendeshaji wa mtambo wa kufua umeme, ule wa turbini unaokula gesi, na gesi ikikatika unageuzwa kula dizeli. Asubuhi moja gesi ikakatika. Yeye na mwenzake wa zamu wakaugeuza kwenye dizeli, haikushika moto. Wakajaribu mara ya pili, mtambo ukalipuka, wakafa wote wawili. Ripoti ikasema kabla ya kuwasha tena ilitakiwa koki ya chini ifunguliwe, ili ile dizeli ya kwanza iliyomwagika ndani ichuruzike nje. Kazi hiyo ilikuwa ya mume wangu. Koki ilikutwa imefungwa, wakaandika, kwa hiyo alisahau. Ripoti ilipofika mtaani kwetu Magomeni ikawa fupi zaidi: kajiua kwa uzembe wake, na mwenzake kamuua.

Mjane wa huyo mwenzake anakaa mtaa wa tatu kutoka kwangu. Miaka yote hii tukikutana dukani ananunua sabuni yake huku kanipa kisogo. Sikumlaumu hata siku moja. Kilichonila moyo ni kwamba hata mimi niliamini. Mume wangu alikuwa msahaulifu wa kutupwa. Funguo, miwani, siku za harusi za ndugu zake mwenyewe. Niliwahi kumtuma Kariakoo akaniletee nazi, akarudi na redio, na alikuwa na furaha nayo kweli. Mtu wa namna hiyo akisahau koki utabisha nini?

Lakini alikuwa na desturi mbili za kazini ambazo alizileta mpaka nyumbani. Ya kwanza ilikuwa kugonga. Mle ndani kelele ni nyingi kiasi kwamba mtu hasikii hata mawazo yake, kwa hiyo anayefungua koki anagonga bomba mara tatu kwa spana: nimefungua. Mwenzake aliye upande wa pili anaupata mtikisiko mkononi, naye anajibu mara moja: nimesikia. Bila lile jibu moja hakuna kinachoendelea. Jioni mume wangu alikuwa anagonga mlango wetu mara tatu hivyohivyo, nami nagonga sufuria mara moja kwa mwiko ndipo nimfungulie. Majirani walituona wehu.

Ya pili ilikuwa vitambaa. Koki ikishafunguliwa inavishwa kitambaa shingoni, asije mtu akaifunga bila kujua. Kitambaa hicho hakitolewi na yeyote isipokuwa aliyekivisha. Kama yeye hayupo, basi anakuja mtu wa upande wa mwenzake wa zamu, anainama, anakiona, anakishika kwa mkono, anasema "Nimepokea," ndipo kitolewe. Hata bosi hakigusi. Na vitambaa vyenyewe alikuwa anavikata kwenye kanga zangu.

Asubuhi ile nilimkuta na mkasi juu ya kanga yangu ya zambarau, ile yenye michoro ya korosho, niliyoivaa mara mbili tu. Nilimwakia. Nilisema mengi, na la mwisho, akiwa ameshafika mlangoni, nilisema, "Basi si uhamie hukohuko kwenye mtambo wako!" Hayo ndiyo maneno aliyoondoka nayo.

Mimi nami ni mtu wa vyuma. Nilianzia karakana ya reli nikiwa msichana peke yangu kati ya wanaume ambao walidhani nimeleta chai. Siku hizi nakagua mashine zilizotumika kwa niaba ya wanunuzi. Mtu wa Kariakoo hanunui jenereta wala injini kwa makaratasi. Anataka mtu wake asikilize. Nashika bisibisi ndefu, ncha naiweka kwenye chuma, mpini naubana sikioni, na chuma kinanieleza kilivyoishi. Nikisema ndiyo, mzigo unapakiwa. Nikisema hapana, muuzaji ananitukana, naenda zangu.

Mwaka huu mfanyabiashara mmoja, mtu wa Kilimanjaro mwenye duka la jumla Kariakoo na kiwanda cha ndoo na viti vya plastiki, alinipigia simu. "Shikamoo mama. Nimepata turbini pale Gerezani. Inakula gesi na dizeli, imetoka ng'ambo, imefanyiwa ukarabati mpaka ndani. Umeme ukikatika mimi nayeyusha hasara tu. Ukisema sawa, Jumatatu naibeba."

Sikuwahi kukagua mtambo wa aina ile. Nilikuwa nakataa, nasingizia mgongo. Safari hii nilikubali, na mpaka leo sijui kwa nini.

Nilifika siku ya Ijumaa kabla ya adhuhuri. Yadi ilijaa injini za malori na magiaboksi, zimebanana mpaka mtu anapita ubavu. Turbini ilikuwa peke yake kule mwisho, ndani ya nyumba yake ya bati nene yenye urefu wa kontena, imepakwa rangi ya kijivu inayong'aa. Kuizunguka palikuwa patupu, hatua nne hivi kila upande. Katika yadi ambayo hata choo kimewekewa mataili juu, uwazi ule niliuona wa ajabu.

Muuzaji, kijana wa maneno matamu, alinikabidhi kwa fundi wake wa rangi, mzee mwenye mvi. Mzee alishika komeo la mlango, akasita, akasema kwa sauti ya chini, "Hodi." Akasubiri kidogo. Kisha akafungua.

"Unampigia nani hodi?" nikamuuliza.

"Tumezoea tu, dada," akasema, na macho yake hayakunitazama.

Muda wa swala ukafika. Wakatawadha, wakaondoka wote, muuzaji akanirushia funguo. Yadi ikanyamaza. Watu wasiokaa Gerezani hawajui jinsi ukimya wa mchana unavyotisha pale, kwa sababu hawajui kelele zake. Niliingia nikavuta mlango nyuma yangu kuzuia vumbi.

Ndani kulikuwa na joto. Ni jua kwenye bati, nilijiambia. Kulikuwa na harufu ya rangi mpya, na chini ya rangi harufu nyingine, kama ya chungu kilichoungua kikasuguliwa kisitakate. Nilishika ule wenzo wa kuzungushia mhimili kwa mkono, nikauzungusha polepole. Mapanga ya ndani, kama yale ya feni, yakalia kwenye matundu yake, yanavyolia siku zote, mlio mdogo kama vikombe kwenye sinia. Mtu asiyejua angekimbia. Mimi najua. Nikaacha wenzo, nikangoja mhimili utulie, nikaweka bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni.

Kimya. Halafu, ko. Ko. Ko.

Nilitoa sikio. Hakuna kitu. Nikajiambia ni panga linashuka mahali pake, mhimili ukitulia huwa hivyo. Nikarudisha sikio. Nilihesabu pumzi zangu kama ishirini. Ko, ko, ko. Kisha ukimya uleule, ukimya wa mtu anayengoja ajibiwe.

Sitaki kujifanya shujaa. Mkono wangu wenye bisibisi uliinuka wenyewe kugonga mara moja, kama nilivyogonga sufuria maisha yangu yote, nikauzuia. Niliogopa kwamba nikijibu nitasikia kitu zaidi.

Mlio ulikuwa unatoka chini. Nikalala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, nikajisukuma uvunguni mpaka chini ya tumbo la mtambo, pale inapokaa koki ya kutolea mafuta. Blanketi jipya la kuzuia joto lilikuwa limefungwa pale na waya. Nikakata waya. Nikaingiza mkono kabla ya tochi, na vidole vyangu vikagusa fundo.

Lilikuwa gumu. Walilipulizia rangi pamoja na koki na bomba, koti juu ya koti, mpaka likawa sehemu ya chuma. Nikakwangua kwa ukucha. Kijivu kikabanduka, chini yake ukatokea weusi wa mafuta, na chini ya weusi, kwenye mkunjo ambao moto haukufika, zambarau. Nikakwangua tena. Lilikuwa pindo la kanga, na mkia wa korosho.

Nililia nikiwa chali, machozi yananiingia masikioni. Niliyajua makato yale. Mkasi wetu una pengo, kila ukikata unaacha jino moja la uzi, na lile jino lilikuwepo.

Kisha nikaitazama koki yenyewe, kwa hasira sasa. Mpini wake ulikuwa umelala sambamba na bomba. Mpini ukilala hivyo, koki iko wazi. Hili hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua. Aliyeandika ripoti hakuinama. Ni hivyo tu. Aliogopa kuchafua shati, akaandika imefungwa, na kwa shati lake sisi tumeishi miaka yote hii tunatazamana visogo.

Nikachukua waya, nikausukuma ndani ya mrija unaotoka kwenye koki. Ulienda kama urefu wa kiganja ukagota. Nilichochomoa kilikuwa masizi ya miaka yaliyoganda tabaka juu ya tabaka, meusi, magumu kama lami. Mrija ulikuwa umeziba kabla hajaigusa ile koki. Aliifungua, akaivisha kitambaa, akagonga mara tatu. Dizeli haikuwa na pa kutokea.

Waliporudi kutoka msikitini walinikuta nimekaa mlangoni. Nilimwuliza mzee wa rangi mtambo umetoka wapi. Akamtazama muuzaji, muuzaji akasema ng'ambo, makaratasi yapo. Mzee akaguna.

"Haukutoka popote, dada. Umelala hapahapa mjini kwenye vyuma chakavu. Niliupaka mimi."

"Na kitambaa kule chini uliona?"

"Niliona."

"Mbona ukakipaka rangi?"

Akashangaa kabisa, kana kwamba nimemwuliza mbona hakuvunja mlango wa mtu. "Sikukivisha mimi. Ningekitoaje?"

Muuzaji alianza kupiga kelele. Nikampigia simu mnunuzi mbele yake, nikamwambia mrija umeziba na makaratasi ni ya uongo, usinunue. Akashukuru. Kazi yangu ya siku ile ikaishia hapo.

Jumamosi asubuhi nilikwenda mtaa wa tatu. Nilipiga hodi kwenye mlango ambao sikuwahi kuusogelea tangu msiba. Alipofungua aliniona, akataka kuurudisha mlango. Nikasema yote kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayetapika: koki iko wazi, kitambaa kipo, mrija uliziba, mumeo na wangu hawakukosea. Akasema, "Nataka nione." Akaingia ndani, akatoka amejitanda.

Tukaenda Gerezani pamoja. Mzee wa rangi alitufungulia geti kabla bosi wake hajafika. Kwenye mlango wa bati akasita kama kawaida yake, lakini kabla hajasema kitu yule mwanamke akasema yeye, "Hodi." Tukaingia.

Magoti yake ni mabaya, hata hivyo aliinama. Alitandika kanga yake sakafuni, akalala, akajivuta uvunguni, nami nikamshikia tochi. Nilikuwa sijamwambia habari ya kugonga. Naapa sikumwambia, si yeye wala mtu yeyote, kwa sababu mkaguzi anayesema mashine imemgongea hapati kazi tena.

Alikitazama kitambaa muda mrefu. Akakishika kwa mkono wote, akakibana. "Nimepokea," akasema.

Kisha akavua pete ya ndoa aliyokuwa hajaivua siku zote hizo. Nikadhani anataka kuiacha pale. Aliishika kwa vidole viwili, akagonga bomba kwayo, mara moja tu.

Tuliganda. Mzee alikuwa ameshika mlango, midomo inacheza kwa dua. Nikaweka bisibisi kwenye chuma, nikasikiliza mpaka shingo ikaniuma. Hakuna kilichogonga. Kilikuwa chuma kama chuma kingine cha Gerezani.

"Wangu ndivyo alivyokuwa akijibu," akaniambia akiwa bado kule chini. "Hata nyumbani. Ukimgongea mara tatu, anajibu moja."

Nikaingia uvunguni nikalala kando yake, bega kwa bega, na nikaanza kulifungua fundo. Rangi ilivunjika vipande vidogo vikatuangukia usoni. Ilichukua muda, kwa sababu mume wangu alikuwa amelikaza sana.