Mkwe na Mchwa Wake

Mtu mzima haachi kazi, kazi ndiyo humwacha. Hivyo ndivyo alivyoamini mama mkwe wa Daktari, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Ujana wake wote aliumalizia kwenye ukarani wa mahakama, akiandika maneno ya waongo wa kila namna, mpaka sikio lake likajifunza jambo moja: mtu akijieleza kwa ufasaha mno, kuna alichoficha.

Na Daktari alijieleza kwa ufasaha. Hakuwa daktari wa watu. Alikuwa mtafiti wa mchwa katika taasisi ya kilimo, mwenye ofisi, koti jeupe na pensheni ikimngoja. Siku moja alitumwa kuwafundisha wakulima jinsi mchwa wanavyojenga. Aliongea weee, waliosinzia wakasinzia, waliobaki wakachezea kofia zao. Mwishoni akatoa simu kuwaonyesha video aliyoirekodi kwa kujifurahisha tu: askari wa mchwa wamejipanga pande mbili, vibarua wanapita katikati na vipande vya majani. Wakulima wakasukumana kuangalia. Mama mmoja akamwambia, "Kumbe ulikuwa na hii, ukatuacha tunalala?"

Swali lile lilimkaa rohoni. Akajiandikisha darasa la kamera, akakaa na vijana waliomwita mjomba, na baadaye akaiaga taasisi ili atengeneze filamu za sayansi. Nyumba ya kazi ikarudi kwa wenyewe. Yeye na mkewe, mshonaji wa sare za shule, wakahamia kwa mama mkwe.

"Umefukuzwa?" mama mkwe aliuliza kabla masanduku hayajatua chini.

"Hapana, Mama. Nimeacha mwenyewe."

"Mm."

Kesho yake akapiga simu taasisi, akajifanya mtu anayetaka kumwajiri. Msichana wa mapokezi akamhakikishia kwamba Daktari aliagwa kwa heshima zote, hata keki ilikatwa.

"Keki!" mama mkwe akamwambia binti yake. "Hao walikuwa wanashukuru kwamba anaondoka."

Daktari alipewa stoo ya nyuma. Akatundika pazia jeusi, akaingiza sanduku la kioo lenye mchwa na udongo wao, akawa anajifungia kwa komeo, maana mwanga ukiingia mchwa hukimbia. Mama mkwe hakuambiwa sababu. Aliona komeo tu. Ghafla akawa na shughuli nyingi upande ule: kufagia palipofagiwa, kuanua nguo na kuzianika tena. Asubuhi moja akasikia sauti ya mkwewe ndani, ikirudia maneno yaleyale polepole:

"Malkia ni mnene hata hawezi kusogea. Anakula, anasafishwa, na wote nyumbani wanamtumikia."

Mchana, mezani, hakugusa chakula.

"Mkwe wangu," alisema, "malkia mnene ni nani humu ndani?"

Mkewe Daktari alipaliwa na maji. Daktari mwenyewe alichelewa kuelewa, na alipoelewa akaeleza haraka kwamba yale ni maneno ya filamu. Akamchukua mama mkwe hadi stoo, akamwonyesha nyuma ya kioo dude jeupe lenye ukubwa wa kidole, likihema katikati ya vibarua wake. Mama mkwe akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Na huyu mdogo ubavuni?"

"Mfalme, Mama. Mumewe."

"Angalau yeye hajaacha kazi."

Nyumba ikatulia kidogo. Kisha siku moja mama mkwe alivuta kabati chumbani kwake ili afagie, akaona mstari wa udongo ukutani, umepanda hadi kwenye fremu ya mlango. Akabonyeza fremu. Kidole kikazama kama kwenye mkate.

"Njooni mwone!" alipiga kelele. "Kikulacho ki nguoni mwako!"

Mkewe Daktari alimgeukia mumewe. "Una hakika kioo hakina ufa?" aliuliza kwa sauti ya chini, na swali hilo lilimchoma Daktari kuliko kelele zote. Akaenda kulikagua sanduku kila upande, maana hata yeye sasa alijitilia shaka. Ufa haukuwepo. Akachukua mchwa wachache wa kwenye fremu, akawatazama kwa lenzi.

"Askari wangu wana taya kama koleo," alisema. "Hawa vichwa vyao vimechongoka, wanarusha gundi. Ni aina nyingine kabisa, Mama."

"Yaani mshtakiwa wewe, shahidi wewe, na mtaalamu pia wewe? Mahakama gani hiyo?"

Daktari hakubishana. Alileta kamera, akaiwasha, akamkabidhi. "Shika wewe, Mama. Fuata huo mstari unakotoka. Mimi kazi yangu kushika taa."

Mama mkwe akaufuata. Ulishuka ukutani, ukapenya ufa chini ya dirisha. Wakatoka nje, wakaukuta tena kwenye msingi, ukiishia kwenye rundo la mbao lililofunikwa turubai. Mbao hizo marehemu mumewe alizinunua ili aongeze chumba, akafa kabla hajaanza. Kila aliyeshauri zihamishwe, mama mkwe alimshuku kwamba anazitaka yeye, kwa hiyo zilibaki palepale, zimeegemea nyumba. Akainua turubai. Ubao wa juu ukavunjika mkononi mwake, ndani mtupu.

"Alizichagua mwenyewe," alisema. "Mojamoja."

Daktari akashusha taa. "Tuzime kamera, Mama?"

"Acha. Ushahidi haukatizwi."

Mbao zilichomwa, fremu ikabadilishwa, na Daktari hakuikata sehemu ile ya turubai kwenye filamu yake. Filamu ilionyeshwa kwenye ukumbi wa ushirika wa wakulima. Malkia alipotokea watu walicheka. Turubai lilipoinuliwa wakasogeza viti mbele. Viongozi wa ushirika wakamwomba nyingine, safari hii kuhusu kuvu wa mahindi.

Mlangoni, wakati wa kutoka, bwana mmoja aliyevaa tai alimpa mama mkwe mkono. "Hongera, mama. Mkweo ni mtu mwaminifu sana."

Mama mkwe akamkagua kuanzia viatu mpaka utosini.

"Wewe," aliuliza, "umemjua lini?"